Lishe duni kwa wasichana wa miaka 10 hadi 19: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Tanga

Maswali haya yameulizwa na wazazi, walimu, mashangazi na mabinti wenyewe, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto. Tumeyapa namba ili pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, usomewe namba tu badala ya kurudiwa maneno.

## Mambo ya msingi

1. Lishe duni si ndiyo njaa?

Si lazima. Binti anaweza kushiba asubuhi, mchana na jioni na bado akawa na lishe duni. Mpe tonge kubwa la bada (ugali wa muhogo) na mchuzi wa nazi ambao samaki wake wamebaki harufu tu: tumbo litajaa, atalala vizuri, lakini mwili utakuwa umepata wanga na mafuta bila madini chuma, bila protini ya kutosha, bila vitamini A.

Kwa hiyo tunapotaja lishe duni tunazungumzia mambo matatu. Kuna ukondefu, yaani uzito mdogo kwa umri na urefu wake. Kuna udumavu, yaani ufupi uliotokana na kukosa lishe kwa muda mrefu, mara nyingi tangu utotoni. Na kuna upungufu wa vitamini na madini, ambao hauonekani kwa macho na ndio unaowapata wengi. Mkubwa wao kwa wasichana ni upungufu wa damu.

2. Kwa nini mnawasemea wasichana wakubwa, wakati kila siku tunasikia habari za watoto chini ya miaka 5?

Kwa sababu mtoto mdogo ana kadi ya kliniki. Anapimwa uzito, mama anaambiwa kama mstari umeshuka. Akifikisha miaka 5 kadi inawekwa kabatini. Baada ya hapo, wasichana wengi hawapandi mzani wa mhudumu wa afya tena hadi siku wanayokwenda kliniki wakiwa na mimba. Katikati hapo kuna miaka kumi na zaidi ambayo hakuna anayemtazama binti kwa jicho la lishe, na ndiyo miaka ambayo mwili wake unadai chakula kuliko wakati mwingine wowote tangu alipokuwa mtoto mchanga.

Katika umri wa balehe binti huongeza kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya urefu atakaokuwa nao utu uzimani, na karibu nusu ya uzito wake. Mifupa inajengeka. Kisha anavunja ungo, na kila mwezi anapoteza damu. Mahitaji yake ya madini chuma yanapanda kutoka miligramu 8 kwa siku akiwa na miaka 9 hadi 13, mpaka 15 akiwa na miaka 14 hadi 18. Kaka yake wa umri huohuo anahitaji 11. Msichana, mwenye mwili mdogo kuliko wa kaka yake, ndiye anayehitaji madini chuma mengi zaidi. Hili likieleweka nyumbani, mengi katika ukurasa huu yatakuwa mepesi.

3. Tatizo ni kubwa kiasi gani?

UNICEF ilieleza mwaka 2023 kwamba wasichana wa umri wa balehe na wanawake zaidi ya bilioni 1 duniani wana aina moja au nyingine ya lishe duni, na kwamba walio wengi kati ya wenye uzito pungufu wako Asia ya Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ni zaidi ya wanne katika kila kumi.

Watu hushangaa: Tanga hii yenye machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, maziwa, na samaki wanaoshushwa kwenye soko la Deep Sea kila asubuhi? Ndiyo, hii hii. Chakula kikiwapo mkoani hakijafika bado kwenye sahani ya binti. Machungwa yanapakiwa kwenye malori yaende Dar es Salaam, samaki wazuri wananunuliwa na wenye hoteli, na mkulima anauza maharage ili anunue sembe. Sisi tunaamini hapo ndipo pa kuanzia: kabla ya kuuza, tenga cha nyumbani.

4. Nitamjuaje binti mwenye upungufu wa damu?

Mtoe nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Vuta kope la chini kidogo utazame ndani: pawe pekundu. Kisha mwambie akunjue kiganja, uweke chako kando yake. Ukiona kope, kiganja na ulimi vimepauka, mpeleke zahanati. Dalili nyingine ni kuchoka upesi, kuhema kwa kazi ndogo kama kubeba ndoo ya maji, moyo kwenda mbio, kizunguzungu anapoinuka, na kusinzia darasani. Walimu wengi huita hali hiyo ya mwisho uvivu. Tunawaomba waipe nafasi ya kuwa ugonjwa kwanza.

Hata hivyo macho hukosea, hasa upungufu ukiwa wa wastani. Kipimo cha wingi wa damu ni tone la kidole na majibu hutoka hapohapo. Kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea ambaye si mjamzito, chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita ya damu ni upungufu. Chini ya 8 ni upungufu mkali, na huyo asicheleweshwe hata siku moja. Kwa mwenye miaka 10 au 11 mpaka ni gramu 11.5.

5. Uzito wake unatakiwa uwe kilo ngapi?

Hakuna kilo moja ya wote. Kinachotazamwa ni uwiano wa uzito na urefu ukilinganishwa na umri wake, kwa chati za Shirika la Afya Duniani za miaka 5 hadi 19. Usitumie vipimo vya watu wazima kwa binti wa miaka 13. Utamwona mgonjwa na kumbe ni mzima. Mhudumu wa zahanati anaweza kukupimia. Siku anayokwenda kuchanjwa chanjo ya HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi), ambayo hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ni nafasi nzuri ya kuomba apimwe uzito, urefu na damu.

## Sahani ya nyumbani

6. Nyama hatuiwezi. Tufanye nini?

Nyama ni nzuri lakini si mlango pekee. Ukanda wetu una dagaa, na dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo huleta protini, madini chuma na madini ya kujenga mifupa kwa pamoja. Samaki aina ya vibua ni bei ya chini kuliko aina ya changu. Kuna kunde, choroko, mbaazi, maharage, njugu mawe. Kuna kisamvu, mchicha, matembele, mnavu na majani ya kunde, ambayo mengi yako nyuma ya nyumba.

Madini chuma ya kwenye mboga na kunde mwili huyachukua kwa shida, tofauti na ya samaki na nyama. Dawa yake ni mbili: changanya na kitu cha asili ya wanyama hata kidogo, na kula pamoja na tunda au kiungo chenye vitamini C. Mfano wa chungu kimoja: kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa hadi kiive kabisa (kisamvu kibichi kina sumu, usifupishe moto), kisha nyanya, kitunguu na tui. Dagaa wakavu umewachambua vichwa, umewaosha kwa maji ya moto na kuwakaanga kidogo. Wasage au waponde, uwatie kiganja kimoja kwenye chungu. Wakati wa kupakua kamua ndimu juu. Baada ya kula, chungwa. Hapo umefanya kwa gharama ndogo kile ambacho wengi wanakitafuta kwenye chupa za dawa.

Mwongozo wa taifa unazungumzia makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi; kunde na karanga; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Usihangaike kuyapata yote katika kila mlo. Yatafute kwa siku nzima.

7. Chai ya rangi ina ubaya gani?

Chai yenyewe haina ubaya. Wakati wake ndio wenye ubaya. Majani ya chai hushika madini chuma tumboni na mwili ukashindwa kuyachukua. Ukinywa chai na mbaazi, sehemu kubwa ya faida ya mbaazi inapotea. Mpe chai saa moja kabla ya chakula au saa moja na zaidi baada yake, na mezani weka maji, maji ya ndimu, ya ukwaju au ya embe. Kahawa ina tabia hiyohiyo.

Kwa binti anayetoka nyumbani na chai kavu na andazi moja, tatizo ni zito zaidi ya chai: hajala. Kiporo cha maharage, viazi vitamu au kikombe cha maziwa kingemfikisha saa nne akiwa na akili zake.

8. Sembe au dona?

Dona, kama mahindi yamekaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya virutubishi. Ukinunua unga wa dukani, tafuta wenye alama ya kuongezwa virutubishi. Na chumvi iwe yenye madini joto, hata kama ile ya mawe kutoka mashamba ya pwani ni rahisi.

9. Juisi ya rozela na ya bitiruti zinaongeza damu?

Rangi nyekundu isikudanganye. Ni vinywaji vizuri, na kama vinachukua nafasi ya soda tunavipenda. Lakini binti aliyepimwa akakutwa na gramu 9 hatapona kwa juisi. Anahitaji vidonge (swali la 18) na kutafutwa chanzo cha kupungukiwa. Tumewaona waliokunywa rozela miezi mitatu huku minyoo inaendelea kunyonya.

10. Nyumbani tunakula sinia moja. Binti anapunjikaje?

Hili ndilo swali tunalolijali kuliko yote, na ndilo watu hawapendi kulijibu. Kula pamoja ni jambo zuri. Lakini tazama mikono. Katika nyumba nyingi vipande vinaanza kutengwa vya baba na wageni, kisha wavulana kwa kuwa "wanakua", na mama na mabinti wanamalizia jikoni na mchuzi na ukoko. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mama mwenyewe hufanya hivyo kwa mapenzi, na binti anajifunza kwamba mwanamke mwema ndiye anayekula mwisho.

Tunachoomba ni kidogo. Mama au bibi anayepakua agawe kitoweo kabla sinia halijawekwa chini, kila mtu na kipande chake, na cha binti kisiwe kidogo kuliko cha kaka yake. Sababu iko kwenye swali la 2, na baba akielezwa kwa hesabu ile ya miligramu 15 na 11 mara nyingi anakubali mwenyewe. Kama siku hiyo kuna yai moja tu, likatwe.

11. Binti anakula udongo, au mchele mbichi. Nimchape?

Usimchape. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi huandamana na upungufu wa madini chuma. Mpeleke apimwe damu na choo. Udongo wenyewe unaweza kuleta mayai ya minyoo na kuzuia madini kuingia mwilini, kwa hiyo anazidi kuumia. Damu ikirudi, hamu hiyo kwa wengi huisha.

## Shuleni

12. Shule haina chakula. Mzazi afanye nini?

Kaa kwenye kikao cha wazazi na ulizungumze. Shule zinazopika hutegemea michango ya wazazi: mahindi, maharage, kuni, na fedha ya mpishi. Tungependa kikao kisiishie kwenye debe la mahindi. Uji mtupu wa sembe na sukari hunyamazisha tumbo tu; ongezeni karanga zilizosagwa, au makande yenye maharage ya kutosha. Bustani ya mchicha na mipapai michache haihitaji mfadhili. Palipo na shida, mfungashie binti: muhogo wa kuchemsha na karanga ni bora kuliko shilingi anazonunulia ubuyu na barafu.

13. Vidonge vya minyoo vinahusiana nini na damu?

Sana. Mnyoo wa safura huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Wazee wetu wa pwani waliijua safura kwa weupe wa mgonjwa. Kichocho nacho humfanya mtu apoteze damu kwenye mkojo au choo. Kampeni ya dawa za minyoo na kichocho ikija shuleni, mruhusu binti ameze, akiwa amekula. Aliyeacha shule hafikiwi na kampeni hiyo, basi mpeleke zahanati. Viatu na choo safi vinazuia asirudie.

Malaria pia huvunja damu. Binti wa miaka 15 mara nyingi ndiye anayenyang'anywa chandarua apewe mtoto mdogo. Alale kwenye chandarua naye.

## Hedhi, uwali na mimba

14. Hedhi nyingi ni kiasi gani?

Ikizidi siku 7, au akibadilisha pedi kila saa moja au mbili, au ikitoka na mabonge makubwa, ni nyingi. Hata kama bibi anasema "ndivyo tulivyo ukoo huu". Apelekwe hospitali, apimwe na damu. Mabinti hawasemi jambo hili kwa baba, na wengine hata kwa mama. Somo (mama anayemfunda mwali) au shangazi ndiye wa kumuuliza, kwa upole.

15. Kuna vyakula mwali hatakiwi kula?

Wapo wazee wanaomkataza mwali mayai, au maziwa, au ndimu siku za hedhi. Hakuna chakula hata kimoja kati ya hivyo kinachomdhuru. Mayai hayamharibii uzazi, na ndimu haikatishi damu. Tunawaheshimu masomo na makungwi, kwa kuwa binti huwasikiliza kuliko anavyotusikiliza sisi, na ndiyo maana tunawaomba watie chakula katika mafunzo yao: mwali anayevunja ungo aongezewe kitoweo, asipunguziwe.

16. Ana mimba na ana miaka 16. Nini kinabadilika?

Mwili wake bado unakua, na sasa kuna mtoto anayekua ndani yake. Wawili wanagombea chakula kilekile. Hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo inapanda, na nyonga ambayo haijakomaa inaweza kuleta uchungu pingamizi (mtoto kukwama njiani) na fistula (tundu linalovujisha mkojo au kinyesi). Aanze kliniki mapema iwezekanavyo, hata kama familia ina hasira. Atapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi (vitamini inayosaidia kutengeneza damu) vya kila siku, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Kwake mpaka wa damu katika miezi mitatu ya mwanzo ni gramu 11.

Aongezewe mlo mmoja mdogo kwa siku. Na tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni. Akirudi huku ananyonyesha, mahitaji yake ya chakula bado yako juu, kwa hiyo mfungashie (swali la 12).

## Vidonge vya kuongeza damu

17. Ni kweli vidonge hivi ni vya uzazi wa mpango vilivyofichwa?

Si kweli. Ni madini chuma na foliki asidi, vilevile wanavyopewa wajawazito kliniki. Havizuii mimba wala havimfanyi mtu tasa. Mzazi mwenye shaka aende zahanati asomewe pakiti.

18. Vinamezwaje?

Kuna namna mbili, na zisichanganywe. Ya kinga: Shirika la Afya Duniani linapendekeza, palipo na tatizo kubwa, kidonge cha miligramu 30 hadi 60 za madini chuma kila siku kwa miezi mitatu ya mwaka, au, penye tatizo la wastani, kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za madini chuma na 2.8 za foliki asidi, miezi mitatu kisha kupumzika mitatu. Ya tiba, kwa aliyepimwa akakutwa na upungufu, dozi na muda anapanga mhudumu, na huendelea hata baada ya binti kujisikia nafuu, ili akiba ya mwili ijae.

Ameze na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Kinyesi kitakuwa cheusi, si hatari. Tumbo likichafuka, ameze baada ya chakula cha usiku. Pakiti ifungiwe mbali na watoto: vidonge vichache vyekundu vinavyofanana na pipi vinaweza kumuua mtoto mdogo.

## Hali za pekee

19. Ramadhani afunge?

Mwenye upungufu kidogo anayeendelea vizuri anaweza kufunga kwa ushauri wa mhudumu: vidonge baada ya futari, maji ya kutosha, na daku asiikose. Futari ya pwani imejaa muhogo, magimbi na viazi vya nazi; mwekee mbaazi au samaki pembeni, na tunda. Mwenye upungufu mkali ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, ya kula na kulipa siku nyingine. Akiwa na mimba au ananyonyesha, azungumze na mhudumu na sheikh kabla mwezi haujaandama.

20. Ana seli mundu. Nimpe vidonge vya damu?

Usimpe kwa kujiamulia. Damu yake inapungua kwa sababu chembe zinavunjika, si lazima kwa kukosa madini chuma, na madini yakizidi mwilini yanadhuru. Foliki asidi mara nyingi anapewa. Madini chuma apewe tu daktari akiona kwa kipimo kwamba yamepungua. Mabinti wanaoumwa viungo mara kwa mara, macho yakiwa ya njano, na hawajawahi kupimwa seli mundu, wapimwe kabla ya lolote.

21. Binti yangu ni mnene. Haya hayamhusu?

Yanamhusu. Chipsi, maandazi na soda humnenepesha mtu bila kumpa madini chuma. Apimwe kama wengine. Na yule anayejinyima ili awe mwembamba, anayekula mara moja kwa siku na kuficha, asichekwe wala kusifiwa; kama hedhi imekatika, ni lazima aonane na daktari.

22. Vipi kuhusu dada wa kazi?

Tunaliuliza wenyewe, kwa kuwa ni wachache wanaotuuliza. Nyumba nyingi za mjini zina binti wa miaka 15 au 17 kutoka kijijini, anayeamka wa kwanza na kula wa mwisho. Hayuko shuleni, kwa hiyo hapati dawa za minyoo. Hana mama wa kumtazama kope. Majibu yote hapo juu ni yake pia: kipande chake kitengwe wakati mmoja na vya watoto wako, apewe chandarua, dawa ya minyoo, na ruhusa ya kwenda zahanati kupima damu katika siku ya kazi bila kukatwa mshahara. Ukienda na binti yako kupima, mchukue naye.